Njia Gani Hiyo Isiyofika

Jumanne, 2 Septemba

Leo ni miaka minne na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani. Nilipoondoka nilisema ni misimu miwili tu. Msimu huu nilimwahidi mama watoto kuwa ndio wa mwisho, na msimu uliopita nao nilimwahidi hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu leo sina kazi nyingine ninayoweza kufanya. Asubuhi ngazi iliteleza kwenye majani yenye umande nikiwa juu, mfuko umejaa matufaha kifuani, nikaangukia bega la kushoto. Filimbi, msimamizi wetu, akaja mbio. Akayatazama matufaha kwanza, kisha akanitazama mimi. Tunamwita Filimbi kwa kuwa haongei, anapuliza. Mara moja, anza kazi. Mara mbili, pumzika. Mara tatu, umekosea. Leo nikiwa chali alinipulizia mara tatu.

Kesho nahamia bandani, kwa wanawake wanaochambua matufaha. Kinyozi, ambaye analala kitanda cha juu yangu na ndiye anayetunyoa sote, amenipa mkono kama mtu anayepongeza harusi. "Haya shemeji, usisahau kujifunga kitambaa."

Jumatano, 3 Septemba

Banda ni refu na bati lake linapiga kelele hata pasipo mvua. Matufaha yanapita juu ya mkanda wa mashine, wanawake wamesimama huku na huku, wanatoa yaliyooza na yaliyopondeka. Mwisho wa mkanda yuko mama mmoja mnene mwenye mizani. Anapima kila kreti, mimi naipokea kwa mkono mmoja na kuipanga. Simjui jina. Wenzake wanamwita kwa neno la kwao nisiloliweza, kwa hiyo mimi namwita Mama Mizani. Wote wanatoka nchi moja, si hii na si yangu. Tunazungumza lugha ya hapa, wao wameivunja kwao na mimi nimeivunja kwangu, tunaokota vipande.

Ijumaa, 5 Septemba

Mvua. Bega linauma.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya mapumziko. Jioni Mabuti ameimba.

Huyu ni mtu wa kwetu, mkubwa kwetu sote, yuko hapa mwaka wa kumi na moja. Mabuti yake huyapaka mafuta kila Jumapili na kuyapanga chini ya kitanda yakitazama mlangoni. Ana sauti ambayo sijui aliitoa wapi. Kila Jumapili baada ya kula anaimba ule wimbo wa zamani, wa enzi za baba zetu, ambao kwetu hakuna asiyeujua:

Mlango usiukomee, mama watoto, nipo njiani nakuja.
Chai usiiache ipoe, mama watoto, nipo njiani nakuja.
Wakiuliza yuko wapi, waambie yupo njiani anakuja.

Anauimba polepole. Akifika kwenye "nakuja" sauti inapanda, inakaa juu, na chumba kizima kinashikilia pumzi mpaka aishushe. Wanaume sita, hakuna anayemtazama mwenzake. Halafu kila mtu anachukua simu yake na kutoka nje kupiga nyumbani. Nami nilipiga. Nikamwambia mama watoto tupo karibu kumaliza. Akasema, "Sawa."

Huo wimbo ndio unaotushika hapa. Bila huo ningekwisha pata kichaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nina hasira.

Leo saa za mchana nilianza kuuimba kwa sauti ya chini huku napanga kreti. Sikukusudia, ulikuja wenyewe. Nikauimba kama Mabuti, na pale kwenye "nakuja" nikafumba macho. Nikasikia kicheko. Nikafumbua. Wanawake wote wa mkandani walikuwa wananitazama wanacheka, si kwa kunidharau, walikuwa wanacheka kama watu waliofurahishwa. Mmoja akapiga makofi. Mama Mizani akanionyesha kwa mkono: endelea, endelea!

Sikuendelea. Nimewaimbia wimbo ambao watu kwetu wanaulilia, wao wanashika mbavu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilimnunia Mama Mizani siku mbili. Leo wakati wa chai akaja na kikombe chake akaketi juu ya kreti yangu bila kukaribishwa.

"Umeacha kutuchekesha," akasema.

"Ule si wimbo wa kuchekesha."

Akaweka kikombe chini. "Wewe ni mwanamume. Unaimba wimbo wa mtu aliyesafiri. Sasa si ulikuwa unajicheka mwenyewe?"

Ikachukua chai yote kuelewana. Kwao, wimbo wa mtu aliyesafiri huimbwa na yule aliyeachwa nyumbani. Ndiyo desturi, hawajui nyingine. Aliyesafiri haimbi, ataimba nini, yeye ndiye aliyeondoka. Mwanamume akisimama na kuuimba, basi anajifanya mke wake ili watu wacheke. Wao walidhani mimi ni mcheshi mkubwa, nafumba macho na kupandisha sauti kama mwanamke aliyechoshwa na mumewe.

Nikamwambia hapana. Nikamfafanulia ubeti kwa ubeti. Mlango. Chai. Wakiuliza.

"Na mke anajibu nini?"

"Hajibu. Wimbo ni wa mume."

"Beti ngapi?"

"Sita."

"Beti sita mwanamke hajafungua mdomo?" Akawageukia wenzake akawatafsiria. Mmoja akasema kitu, banda likalipuka. Nikauliza amesema nini. Mama Mizani akajifuta machozi. "Anauliza, beti sita bado yupo njiani, kwani anatembea kwa magoti?"

Nikainuka nikarudi kwenye kreti zangu.

Jumapili, 14 Septemba

Mabuti ameimba. Alipofika ubeti wa nne, "nipo njiani nakuja," nikayaona magoti. Nikaukaza mdomo nisicheke, macho yakatokwa na machozi. Kinyozi akanipiga piga mgongoni akidhani nimeguswa.

Jumatano, 17 Septemba

Kreti nyingi sana leo. Upande wa kaskazini umeiva wote kwa pamoja.

Ijumaa, 19 Septemba

Wameuchukua. Hawakuniomba.

Asubuhi mkanda ulipowashwa, msichana wa kwanza mstarini akaanza kugonga kreti kwa kiganja, kwa mwendo wa mkanda wenyewe, ambao si mwendo wa kulia. Wa pili akaingia, wa tatu akaingia. Halafu Mama Mizani akaanza, na sauti ni ile ile, ningeitambua hata usingizini. Lakini wameikimbiza. Na ile "nakuja" ambayo Mabuti huipandisha na kuiacha ining'inie, wao wanaikata fupi, kama mtu anayefunga droo.

Maneno ni ya lugha yao. Nilivumilia mpaka saa ya chakula, kisha nikaenda kuuliza. Mama Mizani alinieleza huku anatafuna:

Mlango nimeukomea, ukifika piga hodi.
Chai nimekunywa, chupa nimeiosha.
Njia gani hiyo isiyofika?
Nitajie, nami niikwepe.

"Mmeuharibu," nikamwambia.

"Tumeujibu," akasema. "Ulikuwa umekaa miaka yote hiyo bila jibu, maskini."

"Na wewe? Wewe si umesafiri pia? Kwenu nani anakuimbia hivyo?"

Nilidhani nimempata. Akacheka tu. "Mume wangu. Mimi niliachwa kwanza, miaka sita. Aliporudi nikampa chupa ya chai, nikamwambia haya, zamu yako kukaa. Lakini mimi nilimwambia siku ya kurudi. Siku, mwezi. Nikichelewa anajua ni gari limeharibika, si maneno."

Jumapili, 21 Septemba

Nimelala mapema kabla Mabuti hajaimba. Nimesema bega.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua, ukungu, mvua. Wavunaji wameingia bandani kungoja ikatike, wakawasikia wanawake. Kinyozi alinifuata. "Shemeji, huu mbona kama naujua?"

"Huujui."

"Naujua. Ni ule wa Mabuti. Umevaa viatu vya kukimbilia." Na akaanza kuutikisa mguu.

Alhamisi, 25 Septemba

Filimbi amepiga marufuku kuimba bandani. Anasema kugonga kreti kunayaumiza matufaha. Amechukua tufaha moja lenye doa la kahawia akatuonyesha sote kama hakimu anayeonyesha kisu. Doa lile ni la kidole gumba, la mtu aliyelivuta jana mtini badala ya kulizungusha. Kila mtu pale ndani alijua. Tufaha halivutwi, linazungushwa na kuinuliwa. Ukilivuta linatoka na jicho la tawi, chipukizi ambalo lingezaa mwakani.

Hawakubishana. Alipotoka nje walianza tena, midomo imefungwa, wanaguna puani. Akarudi, akatazama mdomo mmoja mmoja. Yote imefungwa. Sauti inatoka. Akapuliza mara tatu, hakujua ampulizie nani.

Nilicheka. Kisha nikaguna nao. Basi, nimesema.

Jumapili, 28 Septemba

Leo sitaandika kwa kifupi.

Wiki nzima nilikuwa napanga kreti na maneno yanajipanga yenyewe kwa Kiswahili. Mimi si mtunzi. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini yalikuja, na yalikaa.

Mabuti alimaliza kula, akakohoa, tukanyamaza. Akaimba ubeti wa kwanza. Mlango usiukomee. Akafika kwenye "nakuja", akaipandisha, akaiacha juu. Na mimi, sijui ni shetani gani, nikaijibu hapo hapo ikiwa bado hewani: "Njia gani hiyo isiyofika?" Kwa ule mwendo wa bandani, nagonga ubao wa kitanda.

Kinyozi akachungulia kutoka juu.

"Nini hicho?" Mabuti akauliza.

"Ndivyo wanavyouimba wale kina mama bandani."

"Nimekuuliza nini hicho, sikukuuliza cha nani."

Nikaimba chote. Mlango nimeukomea, ukifika piga hodi. Kinyozi akashindwa, akacheka. Mwingine naye akacheka. Wa pembeni akasema, "Rudia hapo kwenye chupa." Nikarudia. Nikamwona Mabuti anafunga kamba za buti, na alikuwa hana pa kwenda.

"Kaka," nikamwambia, "ni utani tu."

"Mimi si kaka yako. Huo wimbo aliuimba baba yangu katika kambi kama hii. Watu wamekufa nao mdomoni. Wewe umeupeleka kwa wanawake wasioujua hata maana yake, wameufanya wa kuchekea, umeurudisha hapa ndani kama taka kwenye soli."

"Maana yake wanaijua. Walichouliza ni mke anasema nini."

"Anasubiri!" Alipiga kelele kweli. "Anasema nini tena? Anasubiri!"

Hapo nikasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria kabla halijatoka. "Kaka, wa kwako anasubiri?"

Akatoka na buti moja halijafungwa. Hakuna aliyepiga simu nyumbani jioni ya leo.

Jumatatu, 29 Septemba

Mabuti haongei na mimi. Ananipa mgongo hata akipitisha chumvi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Bado. Kinyozi amenieleza alichokijua siku zote na hakukisema. Mke wa Mabuti aliolewa kwingine miaka mitano iliyopita. Jumapili Mabuti huzunguka nyuma ya banda na simu ambayo haina wa kumpigia.

Nimekaa na hilo siku nzima. Nilikuwa namwona kama nguzo ya nyumba. Sasa namwona mtu anayeegemea wimbo kwa sababu hakuna kitu kingine kilichosimama. Lakini sijutii nilichoimba. Najutia nilichouliza.

Jumatano, 8 Oktoba

Upepo. Matufaha yanaanguka yenyewe usiku, asubuhi tunayaokota ya juisi.

Jumapili, 12 Oktoba

Hakuna aliyeimba. Nikatoka nikampigia mama watoto kabla ya kula.

Nilitaka kusema yale ya siku zote: tupo karibu, vumilia, salamu kwa watoto. Badala yake nikamwambia, "Nikuimbie kitu." Akasema, "Ule?" Nikasikia uchovu katika neno hilo moja. Nikasema, "Ule, lakini mwingine." Nikauimba wote, nimesimama kwenye tope, nagonga paja langu.

Nilipomaliza nikaitazama simu. Nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamsikia anacheka. Miaka sijakisikia kicheko hicho. Ni kile cha zamani cha kutoka tumboni, alichokuwa akinichekea nikivaa shati kinyume.

"Nani kaimba huo?"

"Mama mmoja tunafanya naye kazi. Mgeni."

"Mpe salamu zangu. Mwambie namjua."

"Unamjuaje?"

"Baba watoto, wewe unaimba kuhusu mlango. Ule mlango uliouacha uliliwa na mchwa mwaka juzi. Nimeweka mwingine, wa chuma. Ufunguo wake huna."

Sikujua. Miaka miwili nimekuwa narudi, kichwani, kwenye mlango ambao haupo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza? Ulikuwa unaniambia vumilia."

Nikamwambia nitarudi. Hapo akakata kicheko. "Sikuombi urudi. Hilo ulijue. Nyumba inaendelea, watoto wanasoma, mimi nina genge langu sokoni. Ukija uje kwa sababu umetaka. Ila usiniambie upo njiani. Mimi si mtu wa kusubiri tena, nina kazi."

Nimekaa nje mpaka suruali ikalowa. Nimemkumbuka mama yangu. Wimbo ule ulipopigwa redioni alikuwa akiinuka na kupunguza sauti. Tulidhani anamwonea baba huruma huko aliko. Leo nadhani alikuwa anajibu, kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimempa Mama Mizani salamu. Amesimamisha mkanda kuwatangazia wenzake. Filimbi kapuliza mara tatu. Hakuna aliyegeuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewaza kurudi na nimeogopa, niseme ukweli. Hapa mimi ni mtu hodari, hata kwa bega moja. Kule nitakuwa mtu aliyechelewa. Watoto watanisalimia kwa heshima, kama mwalimu.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi umande umeganda juu ya nyasi, mweupe kama chumvi. Yamebaki matufaha ya mwisho, yale magumu.

Jumamosi, 1 Novemba

Filimbi leo ameongea kwa mdomo, mara ya pili msimu huu. Ijumaa ijayo tunamaliza. Kila mwaka siku hiyo anatukusanya bandani: anayebaki kupogoa miti na kuvuna tena mwakani anasimama kando ya mlango wa ghala la baridi, anayeondoka anabaki alipo. Safari hii ameongeza kitu. Anayeondoka asitarajie kuitwa tena, milele. Na mimi akanisogelea. "Wewe, nitakupa usimamizi wa banda. Si kazi nzito. Fikiria."

Kinyozi amesema, "Shemeji, umekuwa bosi wa wakwe zako."

Miaka yote minne nimesimama kando ya ghala bila kufikiri. Jumapili inayotangulia Mabuti huimba, Ijumaa tunavuka sote, kama kundi moja, macho mekundu. Sasa naliona hilo. Tulikuwa tukilia kidogo, tukipata nafuu, tukibaki. Wimbo ulikuwa unatufanyia kazi ya kurudi.

Jumapili, 2 Novemba

Mabuti alikohoa baada ya kula. Tukangoja. Hakuimba.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo tumemaliza msimu.

Kreti ya mwisho ilipita saa tisa. Mkanda ukazimwa, na ukimya wake uliumiza masikio. Filimbi akapuliza, tukakusanyika wote, wavunaji upande mmoja, wanawake upande mwingine. Akanyoosha mkono kwenye mlango wa ghala. "Wanaobaki, huku."

Alivuka mmoja. Wa pili. Filimbi akanitazama mimi na kunipa ishara ya kichwa, kama mtu anayemwita mbwa wake mwenyewe.

Hapo kiganja kikagonga kreti. Ni yule msichana wa kwanza mstarini. Akafuata wa pili. Filimbi akapuliza mara tatu, lakini alipuliza katika pigo lao, ikawa kama ameingia kwenye ngoma. Akapuliza tena kwa hasira, ikaingia tena. Kinyozi akalia kwa kucheka. Mama Mizani akauanzisha, mdomo wazi safari hii, na mimi nikauimba naye kwa Kiswahili, kwa sauti yote niliyonayo, nikimtazama Filimbi usoni: Njia gani hiyo isiyofika?

Sikuvuka. Miguu nilikuwa nimeikita pale kama nguzo ya zege. Kinyozi akaja akasimama ubavuni kwangu. "Mimi pia, bwana. Nimechoka kunyoa vichwa vile vile."

Kisha Mabuti akatoka mstarini. Alitembea polepole, mabuti yake yanang'aa, akavuka banda lote mpaka kwenye mlango wa ghala. Akageuka kututazama. Na akaanza kuimba wa kwake. Ule wa kale, kwa mwendo wake ule ule, kana kwamba sisi hatupo.

Nilidhani watagongana. Nilidhani mmoja atamzima mwenziwe. Lakini mwendo wake mmoja ulimeza miwili ya wanawake, na alipofika "nipo njiani nakuja," sauti ikapanda ikakaa juu, na chini yake, katika nafasi ile ile aliyokuwa akiiacha tupu miaka yote, wanawake wakaingia na jibu. Likaketi sawasawa. Ubeti wa pili hivyo hivyo. Anasema, wanamjibu. Nami nikajua kwamba nafasi ile ilikuwapo tangu wimbo ulipotungwa. Kwetu tulikuwa tunaishikilia pumzi tukidhani ni huzuni.

Mabuti naye alisikia. Niliona kwenye uso wake. Ubeti wa tano hakuumaliza. Akaufunga mdomo, akabaki amesimama pale pale kando ya ghala, mikono nyuma. Hakuvuka kurudi. Wanawake wakaimba mpaka mwisho, kisha wakavua aproni zao na kuzitupa juu ya mkanda.

"Wewe," Filimbi akaniambia, "usije ukanipigia simu."

"Wala wewe usinipigie," nikamwambia. "Nitakuwa na kazi."

Jumapili, 9 Novemba

Mabuti ameketi kwenye kitanda changu.

"Umeniharibia wimbo," akasema. "Sasa nikiuimba nawasikia wale wanawake wananijibu. Hata nikiwa peke yangu kule shambani."

"Nisamehe kwa nilichokuuliza siku ile."

"Swali lilikuwa sahihi. Ni mdomo wako ulikuwa mchafu." Akayatazama mabuti yake. "Mimi nabaki. Si kwa sababu ya Filimbi, wala ya wimbo. Nimetazama kote, hapa ndipo penye watu wanaonijua. Hilo nalo nimelisema mwenyewe, hakuna aliyeniimbia."

Nimempa mkono. Aliukaza mpaka bega likauma, nami sikuutoa.

Alhamisi, 13 Novemba

Wanawake wameondoka asubuhi na basi. Mama Mizani alifungua dirisha akanipigia kelele kitu kwa lugha yao, wote wakacheka. Sijui alisema nini. Nilicheka pia.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepiga simu. Mama watoto alikuwa gengeni, nasikia watu wanabishana bei nyuma yake.

"Sema haraka, nina wateja."

"Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mwezi huu. Gari la mchana, nitashuka kituo kikuu kabla ya saa kumi."

Nikasikia amewaambia wateja wangoje.

"Rudia."

Nikarudia. Jumamosi ishirini na mbili, kabla ya saa kumi. Akasema siku hiyo soko linajaa, hataweza kuja kunipokea. Nikamwambia sikumwomba anipokee, nimemtajia siku. Nitafika gengeni na begi langu, nitasimama nyuma ya wateja.